Kutoka Kiwanjani hadi Loiyangalani: nyimbo zisizosikika jukwaani



Wasomaji wa safu hii wanaopenda ngoma za asili wana kalenda yao, nami naijua. Februari ni Sauti za Busara kule Unguja, tamasha lililoanza mwaka 2004 na ambalo kwa miaka mingi tumelizoea ndani ya Ngome Kongwe. Mwisho wa mwaka ni Lamu, kwa mashindano ya majahazi na ya punda, kirumbizi, goma na mashairi. Katikati hapo, kusi likishika na bahari kuchafuka, kalenda huwa tupu. Wazungu kwao miezi hiyo ndiyo ya jua na ya tamasha za uwanjani. Sisi tunafunga madirisha tukisubiri mwaliko wa harusi.

Makala hii ni ya miezi hiyo. Ni kuhusu Tamasha la Utamaduni la Ziwa Turkana, linalofanyika Loiyangalani katika kaunti ya Marsabit, ambalo nilihudhuria Juni 2019, na kuhusu njia ya kulifikia kupitia Isiolo. Haya naandikia Isiolo kwenyewe, mtaa wa Kiwanjani. Nimeulizwa habari za safari hii mara nyingi mno kwenye simu, nikaona bora niandike mara moja na aliye na haja ahifadhi.

Kiwanjani ni mtaa ulio karibu na uwanja wa ndege, na jina lake linajieleza lenyewe. Uwanja huo ulipanuliwa na kuzinduliwa mwaka 2017 kwa jina kubwa la uwanja wa kimataifa. Ndege ni chache, mbuzi ni wengi. Dadangu aliolewa hapa na mwalimu wa Kiborana, na ndiyo sababu ya mimi, mtoto wa Mombasa, kuijua Isiolo zaidi ya ile picha tunayopewa na taarifa ya habari ya saa moja.

Picha hiyo tunaijua: wizi wa mifugo, bunduki, ukame. Ni kweli yapo. Mwaka 2011 na 2012 mji huu ulipitia mapigano ambayo watu hawajayasahau. Lakini Isiolo ni mji wa mchanganyiko kama ulivyo mji wetu. Kuna Waborana, wanaojiita wa Waso kwa jina la mto Ewaso Ng'iro, na wengi wao ni Waislamu wenzetu. Kuna Wasomali ambao babu zao walikuwa askari wa Mwingereza wakapewa mahali pa kukaa hapa baada ya vita vya kwanza vya dunia. Kuna Waturkana, Wasamburu na Wameru. Ukitembea kutoka sokoni hadi Kiwanjani jioni utasikia adhana, kwaya ya kanisa na redio ya Kisomali kabla hujamaliza maji ya chupa yako.

Siku mbili kabla ya kuondoka kwenda Loiyangalani, wanawake wa upande wa shemeji walikuja nyumbani kuniona. Tulikaa uani kwenye mikeka, chai ya maziwa ya ngamia ikipita. Bibi mmoja, ambaye wote walimwita akko, yaani nyanya, aliombwa aimbe. Akaimba ameketi, macho ameyaangusha chini, na wengine wakamwitikia kwa sauti ya chini kiasi kwamba jirani wa pili asingeisikia. Hakukuwa na tari, hakukuwa na kopo la kugonga. Mimi niliyekulia kwenye chakacha na vugo niliona kama kuna kitu kimesahauliwa ndani ya nyumba. Nikauliza ngoma iko wapi.

"Ngoma ya nini, mwanangu?" akaniuliza kupitia kwa dadangu. "Ukihama na ngamia utabeba ngoma au utabeba maji?"

Jibu hilo linaeleza muziki wa kaskazini kuliko vitabu vingi. Sisi wa Pwani tumekaa mahali pamoja kwa karne nyingi, tuna miti, tuna ngozi, tuna mafundi. Wadigo wana sengenya yenye safu nzima ya ngoma, Wagiriama wana kayamba na filimbi ya chivoti, Lamu wana zumari na siwa. Mfugaji anayehama hubeba kile asichoweza kuishi bila. Kwa hiyo ala yake ni koo lake, miguu yake, fimbo yake, na vitu ambavyo vingekuwepo tu hata bila wimbo: shanga za shingoni, njuga, kengele ya mbao ya ngamia ambayo Wasomali huiita koor. Anayekwenda Loiyangalani akitafuta wapiga ngoma atarudi na manung'uniko. Anayekwenda kusikiliza sauti atapata asiyoyapata Ngome Kongwe.

Wimbo wenyewe mara nyingi ni wa kazi. Wakati wa kiangazi wachungaji wa Kisamburu na Kiborana huchimba visima kwenye mchanga wa mito iliyokauka, kisima kikizidi kina wanasimama mmoja juu ya mwenzake, na ndoo hupanda kutoka mkono hadi mkono kwa mdundo wa wimbo. Kila mwenye mifugo ana namna yake ya kuimba, na wachungaji watakuambia kuwa ng'ombe huijua sauti ya mwenyewe na kusogea kunywa zamu yao ikifika. Wazee wetu mabaharia wataelewa mara moja. Jahazi haliwezi kukokotwa kwa watu ishirini wasioimba. Mkono mmoja ukichelewa kazi yote inaharibika. Tofauti ni kwamba majahazi ya kukokotwa yamepungua na nyimbo zake zimepungua nayo, ilhali visima vile bado vinachimbwa.

Ni kutoka kwenye visima hivyo ambapo Ketebul Music, studio ya Nairobi iliyoanzishwa na Tabu Osusa, walichukua jina la mradi wao wa kurekodi muziki wa asili wa Afrika Mashariki, mradi waliouanza mwaka 2011 pamoja na wenzao wa Uingereza. Namtaja kwa sababu nitamrudia.

Tamasha na chanzo chake

Tamasha la Ziwa Turkana lilifanyika mara ya kwanza mwaka 2008, kwa msaada wa ubalozi wa Ujerumani jijini Nairobi. Mwaka huohuo ndipo Loiyangalani ilipopata jumba lake la makumbusho, lile jengo lililo kilimani likitazama ziwa. Baadaye serikali ya kaunti ya Marsabit iliingia na kulishika. Katiba ya 2010, katika jedwali la nne, imezipa kaunti kazi ya shughuli za utamaduni na burudani za umma, hivyo kaunti si mfadhili wa hisani hapa. Ni wajibu wake.

Watu hufikiri tamasha lilibuniwa kwa ajili ya watalii tu. Watalii wapo, na magari yao meupe yapo. Lakini msomaji akumbuke hali ilivyokuwa. Julai 2005 kijiji cha Turbi, katika Marsabit hiihii, kilivamiwa alfajiri na makumi ya watu wakauawa, watoto wa shule miongoni mwao. Kwa jamii zilizokuwa zikizikana baada ya mashambulizi na malipizi, kukaa uwanja mmoja siku tatu na kila mmoja kumwangalia mwenzake akiimba si burudani pekee. Salamu ya Kiborana yenyewe ni nagaa, amani. Unaulizwa kama kuna amani kabla hujaulizwa jina.

Sitasema kwamba tamasha limeleta amani. Mapigano yamerudi Marsabit mara kadhaa tangu hapo, na aliyepoteza mifugo yake harudishiwi na wimbo. Ninachoweza kusema ni nilichokiona: vijana wa Kiturkana na wa Kisamburu wamesimama upande mmoja wa kamba, wanachekana kuhusu nani anaruka juu zaidi, na askari waliowekwa kuwatenganisha wamekaa chini kivulini wamevua kofia.

Safari yenyewe

Zamani lami iliishia Isiolo, na watu wa huko wakisafiri kwenda Nairobi walikuwa wakisema wanakwenda Kenya. Sasa barabara ya lami inakwenda Archers Post, Merille, Laisamis, Marsabit hadi Moyale. Tulikodi Land Cruiser watu saba: mimi, dadangu, shemeji, binamu zake wawili, na walimu wawili wa kike wa Kimeru waliokuwa wakitafuta pa kuchangia. Hakuna gari la abiria la kutegemea kutoka Isiolo moja kwa moja hadi Loiyangalani. Wengine hupanda lori. Kwa mwanamke mwenye umri wangu nashauri mchangie gari.

Laisamis tuliacha lami tukashika kushoto, kupitia South Horr. Barabara hii ya changarawe, zaidi ya kilomita 200 hadi Sarima, ilitengenezwa upya ili kupitisha vyuma vya mradi wa umeme wa upepo. Utaiona mitambo yenyewe kabla hujafika ziwani: 365, imesimama kwenye mawe meusi, yenye uwezo wa megawati 310. Mwezi mmoja baada ya sisi kupita, Julai 2019, Rais Uhuru Kenyatta aliizindua rasmi.

Upepo huo, wataalamu wa hali ya hewa wanasema, hutokea kusini mashariki, upande wa Bahari ya Hindi, ukabanwa kati ya milima ya Ethiopia na ya Kenya, ndiyo maana ukawa na nguvu kiasi hicho. Nilifurahi kuambiwa hivyo. Huku ni upepo wa upande wetu uliotutangulia kufika. Na faida moja: kibla huku ni kaskazini kama Mombasa, kwa hiyo unaposali nje upepo unakusukuma mgongoni badala ya kukujaza mchanga machoni. Buibui jepesi lilinitesa. Vaeni zito, na pini za ushungi mbebe maradufu.

Msimu wa Juni ni wa ukavu baada ya mvua za masika. Waborana huuita adolesa, na kwenye nyanda za juu ni wa baridi. Loiyangalani haina habari na baridi hiyo. Mchana ni joto la kukausha mdomo, na wimbo mwingi hauanzi hadi jua lipungue. Jina la mji kwa Kisamburu ni mahali pa miti mingi, kwa sababu ya chemchemi inayolisha mitende. Maji ya ziwa ni ya magadi. Beba ya kwako.

Kinachoimbwa, na nani

Kaunti ya Marsabit hujihesabia jamii 14, na tamasha hujaribu kuwa na kila moja. Kila kikundi hujenga nyumba zake za kienyeji pembeni ya uwanja: za mikeka kwa Warendile na Wagabra, za matawi ya mitende kwa Waturkana. Unaweza kutoka nyumba hadi nyumba. Ratiba ipo kwenye karatasi, lakini isikushike sana. Saa nne ya kwenye karatasi inaweza kuwa saa nane. Huu ndio upole wa tamasha hili ulionivutia. Hakuna anayekusukuma, hakuna vipaza sauti vya kukutoboa masikio usiku kucha, mtoto akilala mkekani analazwa hapohapo.

Wasamburu wakiimba, morani hutoa mngurumo wa kooni ambao hauna maneno, na mmoja tu juu yao ndiye anayesema. Wasichana hawarushi miguu. Wanasogeza mabega, na ile mizigo ya shanga inapanda na kushuka kwa pamoja kama wimbi lililofika ufukweni. Kuna wakati nilifumba macho nikashindwa kujua ni watu wangapi.

Waturkana wana edonga. Wanasimama duara, wanaume kwa wanawake, na wote huruka pamoja. Mguu unapotua ndipo ngoma inapolia, na ardhi ndiyo ngozi yake. Mwanamume anaweza kuinua mikono yote miwili kuigiza pembe za dume lake, kwa kuwa kila mwanamume ana dume analolipenda na ana wimbo wake wa kulisifu. Mshairi wa Lamu humsifu mpenzi kwa mafumbo mpaka humjui ni nani. Mturkana anamsifu ng'ombe wake waziwazi, rangi na pembe, na hakuna anayemuuliza maswali.

Wagabra na Waborana ni wa sauti ya chini, karibu na mazungumzo. Watalii wengi huwapita haraka kwa sababu hawaruki. Mimi niliwakalia zaidi kuliko wote, pengine kwa sababu ya lile ua la Kiwanjani. Wasomali walileta dhaanto, ambao wenyewe husema umeiga mwendo wa ngamia, na ukiutazama dakika mbili hutabisha.

Kisha kuna Waelmolo. Hawa ni wavuvi wa ziwani, wachache mno, vijiji vyao ni Layeni na Komote kando ya ghuba, na wana nyimbo za kumsifu aliyemuua kiboko. Uwindaji umepigwa marufuku nchini tangu mwaka 1977, kwa hiyo wanaoimba leo wanasifu jambo ambalo wengi wao hawajawahi kulifanya. Zaidi ya hapo, lugha yao ya asili, ya jamii ya Kikushi, haizungumzwi tena. Wamehamia Kisamburu, na waliobaki na maneno ya kale wamebaki nayo machache. Walipoingia uwanjani mshereheshaji aliwapa dakika zilezile alizompa kila mtu, halafu akawakatiza kwa sababu mgeni rasmi alikuwa amefika na lazima akaribishwe.

Sikulipenda jambo hilo, na ni jambo la tamasha zote, hata za kwetu. Wimbo unaochukua usiku mzima unakatwa kuwa dakika tano. Hotuba haikatwi.

Ndiyo maana ushauri wangu mkubwa kwa atakayekwenda ni huu: acheni jukwaa. Ratiba ikiisha, jua likizama, vikundi hurudi kwenye nyumba zao na kuanza kuimba wenyewe kwa wenyewe. Hapo ndipo bibi wa Kirendile alipomfundisha mjukuu wake sehemu ya kuitikia, akimgonga goti kila akikosea. Hapo ndipo wanawake wa Kisamburu waliponishika mkono nikae, wakanivisha ushanga mmoja na kucheka jinsi ushungi wangu ulivyoukataa. Kwa mwanamke milango hiyo ni myepesi kuliko kwa mwanamume. Wanaume watakaa na wazee, na hilo nalo lina utamu wake.

Najua swali linalokuja, kwa sababu niliulizwa na mamangu kabla sijapanda basi: Mwislamu anatafuta nini huko? Mimi si shehe na sitoi fatwa kwenye gazeti. Lamu watu wamejadiliana kuhusu matari ya maulidi tangu enzi za Habib Swaleh na msikiti wa Riyadha, na mjadala haujaisha. Nilichofanya mimi ni kusali kwa wakati, kukaa na wanawake, na kuondoka palipoanza mambo ya matambiko ambayo si yangu. Waborana Waislamu wa Isiolo nao wanajadiliana hayohayo, nyimbo zipi za wazee zibaki na zipi ziachwe. Bibi wa Kiwanjani alituambia kuna mbili alizoziacha baada ya kuhiji. Nyingine zote anazo.

Picha inakwenda wapi

Siku ya pili, kikundi cha wanawake kilikuwa kikiimba kivulini, si kwa ratiba, wamepumzika tu. Wakaja vijana watatu na kamera kubwa, wakaweka kipaza sauti chenye manyoya mbele ya mwimbaji, wakarekodi wimbo mzima, wakasema asante kwa Kiingereza wakaondoka. Mwanamke aliyekuwa karibu nami aliniuliza kwa Kiswahili safi: "Dada, wewe umesoma. Hiyo picha inakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Lakini sheria inalo, na inafaa wote tuijue, kwa kuwa hata kwetu kaya za Wamijikenda na ngoma zake hurekodiwa hivyohivyo. Katiba, kifungu cha 11, inaliagiza Bunge kutunga sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa fidia au mrabaha kwa matumizi ya tamaduni zao. Bunge likatunga: Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni, namba 33 ya mwaka 2016. Kwa lugha ya kawaida inasema kwamba wimbo wa asili una mwenyewe, na mwenyewe ni jamii. Anayetaka kuutumia nje ya mazingira yake ya asili, na hasa kwa kujipatia pesa, lazima aombe idhini kwanza, na jamii iwe imeelewa inachokubali. Kaunti zinapaswa kuweka daftari la mali hiyo ya utamaduni, nayo Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ina sehemu yake.

Asante si idhini. Wala kusimama kivulini ukiimba si kusaini mkataba.

Atakayesema haya ni madogo, namkumbusha habari ya Hugh Tracey. Mwaka 1950 alipita Bonde la Ufa na mashine yake akarekodi Wakipsigis, ukiwamo wimbo wa wasichana uitwao Chemirocha, ambao umesikika duniani kote. Sauti hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba aliyoianzisha ya muziki wa Kiafrika. Ilichukua zaidi ya miaka 60 hadi watu wa maktaba hiyo, kwa kushirikiana na Ketebul na huyo Tabu Osusa niliyemtaja, walipozirudisha kijijini na kuwatafuta walioimba au watoto wao. Wengi walikuwa wameshakufa. Na Tracey hakuwa mtu mbaya. Bila yeye nyimbo hizo zingepotea kabisa. Lakini tofauti kati ya kuhifadhi na kuchukua ni kama aliyeimba anajua wimbo wake uko wapi na anaweza kuusikia akitaka.

Kwa hiyo nawaomba watu wetu, maana nasi tuna simu kubwa na akaunti za kurusha video. Omba ruhusa kwa kiongozi wa kikundi, si kwa kijana aliyesimama kando. Sema picha ni ya nini. Kama ni ya kuuza au ya kulipwa na matangazo, sema hivyo, na mkubaliane malipo mbele ya kikundi kizima. Andika jina la kikundi na la mahali chini ya video. "Ngoma ya Kiafrika" si jina la mtu. Ukishamaliza, wapelekee nakala. Kikundi karibu chochote kina kijana mwenye simu ya kupokea.

Waandaaji nao, wa kaunti au wa mashirika, wana swali la kujibu. Wasanii kutoka Nairobi wanaoletwa kufunga tamasha usiku wa mwisho hulipwa ada. Vikundi vya asili, kila nilipouliza, waliniambia wamepewa usafiri, chakula na cheti. Cheti hakinunui mbuzi. Niliyaona hayahaya Pwani pia, wazee wa ngoma wamepakiwa kwenye lori kwenda kumpokea mgeni rasmi, wakarudishwa na soda. Kama bajeti ina pesa za mahema ya wageni, ina pesa za mwimbaji.

Kwa anayejiandaa

Tarehe hubadilika mwaka hadi mwaka, na kuna miaka tamasha lilisogezwa au halikufanyika. Usinunue tikiti ya basi kwa kusikia tu. Thibitisha na ofisi ya utalii na utamaduni ya kaunti ya Marsabit, na uliza hali ya usalama wa barabara Isiolo kabla ya kuondoka. Madereva wa Land Cruiser wanajua kuliko wavuti yoyote.

Malazi Loiyangalani ni machache na hujaa mapema. Sisi tulilala kwenye hema, na upepo ulilisukuma usiku kucha, kwa hiyo leteni kamba za ziada na mawe mtayakuta hukohuko. Chakula cha halali si shida kubwa, maana wenye hoteli wengi ni Wasomali na Waborana, lakini kwa kutembea na chakula hakuna kinachoshinda nyirinyiri, ile nyama ya vipande vidogo iliyokaangwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta. Nunua Isiolo, sokoni kwa kina mama wa maziwa ya ngamia. Haiharibiki njiani. Beba pia pesa taslimu. Mtandao wa simu upo lakini siku za tamasha huzidiwa.

Mkienda kukaa na vikundi jioni, msiende mikono mitupu. Sukari na majani ya chai hupokelewa kila nyumba. Wazee wa Kiborana na Kigabra wapelekeeni buni, kahawa yenyewe ikiwa na maganda yake, ambayo huikaanga kwa siagi na kuigawa kwa dua kabla ya mazungumzo. Msiisage.